Njia ya Kwenda Lamboni

Ofisi ya Biashara, Halmashauri
Jumanne, 14 Machi 2023

Mdogo wangu Damiani,

Nimekupigia simu mara tisa tangu jana na hupokei. Basi naandika, maana barua huwezi kuikata. Nampa konda wa basi la mchana, ataiacha dukani kwa Ritha.

Habari ya Marietha nimeipata hapa hapa ofisini, tena kwa mtu asiyejua kwamba ni wifi yangu. Dereva wetu mmoja aliingia anacheka, akasema huko Mulumbi walinzi wa kiwanda wamemchapa mwanamke mbishi aliyepenya seng'enge kwenda kuchota maji. Nikamuuliza jina lake. Aliponitajia nilitoka nje nikashika ukuta.

Yuko katika hali gani? Mkono wamemfunga? Watoto wanakula kwa nani?

Nakujua hasira zako. Nimekulea tangu mama alipotuacha, na nakumbuka ulivyokuwa ukinyamaza kabla ya kurusha jiwe. Nakuomba usiende pale langoni. Sikiliza nikueleze jambo ambalo wengi kijijini hawalijui. Mkataba wa halmashauri na hii kampuni ya kukamua alizeti si zawadi ya bure. Kampuni imesamehewa ushuru wa huduma miaka mitano, ikapewa ekari mia mbili za kijiji bila kulipa pango, ili ijenge kiwanda. Na yenyewe ikaahidi kwamba njia ya kwenda lamboni, bwawa lenu la maji, itabaki wazi kwa watu na mifugo, vibarua watatoka kijijini kwanza, na alizeti yenu itanunuliwa kabla ya ile ya malori ya mbali. Kifungu cha kumi na nne kinasema kila miezi sita ukaguzi ufanyike. Ahadi ikikutwa imevunjwa, msamaha unakufa siku hiyo hiyo na ushuru wote wa nyuma unalipwa. Hicho ndicho wanachokiogopa kuliko mapanga yenu. Mkataba una meno, uache uume wenyewe.

Ukaguzi ni mwezi huu. Vumilia.

Dada yako,
Flora


Mulumbi
17 Machi 2023

Dada Flora, shikamoo.

Barua nimeipata. Simu nilikuwa siipokei kwa sababu nilijua utaniambia nivumilie, na kweli umeniambia.

Marietha yupo. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Vidole viwili vya mwisho vilisagika, daktari amevikata. Bado yuko wodini, nimekaa naye siku tatu, nimerudi juzi kuangalia watoto.

Wenzake waliokuwa naye wamenisimulia. Walikuwa wanawake sita na ndoo zao. Njia ya lamboni imefungwa tangu Januari, dada, sijui kama ofisini kwenu mnalijua hilo. Wakapita pale seng'enge ilipolegea. Leonidas, yule msimamizi wa kampuni, alikuwa amekaa juu ya boneti ya gari anakula muhindi wa kuchoma. Marietha akamwambia, "Baba, maji yetu ni haya haya tangu enzi za bibi zetu." Leonidas akamjibu bila kuacha kutafuna, "Bibi zenu hawakuwa na hati." Halafu akawageukia walinzi akasema, "Mfundisheni njia."

Walimpiga kwa virungu. Ndoo waliipasua kwa buti. Alipoanguka kifudifudi kwenye tope, mmoja alimkanyaga shingo akamwambia anywe sasa maji anayoyataka. Wanawake wanasema mpigaji alikuwa yule mrefu, Filipo, kijana aliyetoka Kinyangiri kuja kuajiriwa. Vibarua wa kijijini wako kumi na mmoja tu. Wengine wote wametoka nje.

Polisi wametupa PF3, ile fomu ya matibabu, na kutuambia tusubiri.

Jambo lingine nakuambia mwenyewe usije ukalisikia kwa watu. Jana mchana nilimkuta mbwa wao mmoja upande wetu wa seng'enge. Nilimuua kwa jembe. Pigo moja lingetosha, lakini sikupiga moja. Nilipomaliza nilijisikia nafuu, na hiyo nafuu ndiyo iliyonitisha.

Hao wakaguzi waje haraka.

Mdogo wako,
Damiani


Ofisi ya Biashara, Halmashauri
23 Machi 2023

Damiani,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, ya tatu nikashindwa.

Nimetuma dawa za maumivu na khanga mbili kwa Marietha, konda atakupa. Mwambie asimame kidete, wifi yake yupo.

Kuhusu ukaguzi, umekwisha kufanyika. Taarifa imeandikwa na iko mikononi mwa wakubwa. Usiniulize kilichomo, ni siri ya ofisi mpaka isomwe kwenu na kwenye Baraza la Madiwani. Mambo haya yana hatua zake. Ukaguzi mmoja ukipita, mwingine unakuja. Kiwanda kile nimekihangaikia miaka mitatu, Damiani. Unakumbuka tulivyokuwa tukibeba magunia ya alizeti mpaka gulioni Ikungi, mnunuzi anatupangia bei huku ametupa kisogo? Nilitaka hayo yaishe. Sasa yanaanza vibaya, lakini kitu kinachoanza vibaya kinaweza kurekebishwa kama watu hawakukichoma.

Usiguse tena kitu chao. Hata mbwa.

Dada yako,
Flora


Mulumbi
Ijumaa, 31 Machi 2023

Dada,

Zefania amekufa. Shemeji yangu, mdogo wake Marietha wa tumbo moja. Tunamzika kesho huku huku, mama yao yuko njiani kutoka Misigiri.

Nakueleza yote, maana huko kwenu watasema tulikuwa tumelewa.

Jana mtendaji wetu, Christopher, aliitisha mkutano pale shuleni. Watu walijaa, tulijua ni habari ya ukaguzi. Marietha alikuwa ametoka hospitali siku mbili, akaja na mkono umefungwa shingoni. Christopher akafungua karatasi akasoma. Ukaguzi ulifanyika tarehe kumi na sita Machi. Njia ya lambo imekutwa wazi. Vibarua mia moja na arobaini wa kijiji wameajiriwa. Hakuna malalamiko ya wananchi.

Bibi mmoja akacheka, cheko baya. Marietha akasimama akauinua ule mkono. "Na hili ni nini?"

Christopher akasema, "Mama, mimi nasoma tu."

"Nani amekuja? Gari la nani mmeliona?"

Hakuna aliyeliona. Dada, tarehe kumi na sita nilishinda hapa kutwa, ndiyo siku niliyomuua yule mbwa. Hakuja mtu. Uliniandikia kwamba ukaguzi umefanyika. Nani alikudanganya?

Hatukupanga lolote. Zefania alitoka tu akaanza kutembea kuelekea langoni, watu wakamfuata, saa sita juani. Wengine walikuwa na majembe kwa sababu walitoka shambani. Zefania hakuwa na kitu. Alishika nondo za lango akawa anatikisa na kusema, "Fungueni tuone hiyo njia iliyo wazi." Leonidas akapiga risasi hewani. Zefania akaendelea kutikisa. Risasi ya pili ilimpata tumboni. Aliteremka taratibu huku bado ameshika nondo, kama mtu anayechuchumaa kutafuta kivuli.

Baada ya hapo lango halikudumu. Walinzi walikimbia, Leonidas akaruka kwenye gari. Filipo alinasa mguu kwenye seng'enge yao wenyewe akaanguka. Watu walimmaliza pale pale. Banda la mashine likachomwa, na ule mlundikano wa mashudu, makapi ya alizeti, ukashika moto. Hata sasa ninavyoandika moshi wake unanuka mafuta, koo linawasha.

Mimi hapo kwa Filipo sikuwepo. Nilikuwa nimembeba Zefania kumpeleka barabarani. Alinifia mikononi.

Damiani


Ofisi ya Biashara, Halmashauri
5 Aprili 2023

Damiani, mdogo wangu,

Pole. Sina neno lingine. Barua yako haikuwa na shikamoo, nimeona, na sikulaumu.

Nilitaka kuja mazishini. Mkuu wa idara ametukataza watumishi wote kukanyaga Mulumbi hadi polisi wamalize. Hapa ofisini wanazungumza juu ya mashine zilizoungua. Zefania wanamwita "yule mmoja."

Sasa nisikilize. Wamekamata watu kumi na wawili, wengine wameachiwa, lakini Emilian wamemshikilia kwa kumuua Filipo. Ni yule fundi baiskeli jirani yako. Alikutwa na damu kwenye shati mpaka kiunoni. Yeye anawaambia polisi kwamba damu ile ni ya Zefania, kwamba ni yeye aliyembeba kumpeleka barabarani, peke yake, hakuna aliyemsaidia. Hawamwamini.

Wewe uliniandikia ni wewe uliyembeba.

Pengine mlimbeba wawili na Emilian kwa hofu amesahau. Nataka iwe hivyo. Niandikie kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Swali lako nimeliona, nani alinidanganya kuhusu ukaguzi. Nitakujibu. Nipe siku chache.

Flora


Mulumbi
12 Aprili 2023

Wifi Flora, shikamoo.

Nakuamkia kwa sababu nililelewa.

Herufi zimepinda, naandika kwa mkono wa kushoto. Sitaandika marefu.

Juzi nilikwenda kwa Christopher nikamwambia anionyeshe ile karatasi aliyotusomea. Alikataa. Nikakaa mlangoni kwake tangu asubuhi hadi alipochoka. Akanipa. Mwisho wa karatasi kuna saini. Jina limepigwa muhuri juu yake, halisomeki, kwa hiyo wengine wote wanajua tu kwamba ni ya mtu wa halmashauri. Mimi ile saini naijua. Ulisaini hivyo hivyo kwenye cheti changu cha ndoa, ukiwa shahidi wangu, hiyo F yenye mkia unaozunguka jina lote.

Nilikaa chini pale pale kwa Christopher. Mke wake akadhani ni mkono unauma.

Uliniletea khanga, wifi.

Damiani hajui. Nimeirudisha karatasi na sijamwambia mtu. Zefania wangu yuko chini ya udongo kwa maneno yaliyoandikwa pale, na mama yangu anakaa juu ya kitanda changu haongei. Nikimwambia Damiani, sijui atafanya nini, na tangu siku ile ya langoni namwogopa. Halali. Shati lake alilifua mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kufua hata soksi tangu anioe. Mimi sikuuliza.

Mwambie wewe mwenyewe. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Ukinyamaza, nitasimama mkutanoni kama nilivyosimama.

Marietha


Wodi ya wanawake, Singida mjini
22 Aprili 2023

Damiani,

Anayeandika ni Pendo, muuguzi wa hapa, mimi namwandikia kwa kalamu maneno machache machache na yeye anayanyoosha, kwa sababu taya langu limefungwa waya na jicho moja halifunguki. Nimemwomba asipunguze chochote.

Taarifa ya ukaguzi niliisaini mimi.

Sikwenda Mulumbi. Hakuna aliyekwenda. Barua yangu ya kwanza kwako niliiandika Jumanne, ile ya kukuambia mkataba una meno. Alhamisi yake, mkuu wa idara aliniletea fomu imekwisha kujazwa. Leonidas alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni. Mkuu akasema kampuni ikidaiwa ushuru wa nyuma itafunga na kuhamia mkoa mwingine, na kila mtu atauliza nani aliyemleta mwekezaji wa kutukimbia. Mimi ndiye niliyemleta. Nilipewa cheti kwa ajili hiyo, Damiani, kiko ukutani sebuleni, umekiona. Nikasema, "Lakini kuna mwanamke amepigwa." Leonidas akasema, "Mwanamke mmoja." Nikachukua kalamu.

Nilijua ni Marietha. Nakuandikia tena usije ukadhani umesoma vibaya. Nilijua kwamba ni Marietha, nikasaini. Nilijiambia nitarekebisha ukaguzi ujao. Nilikuwa sijapata bado barua yako yenye habari za vidole, lakini sijui kama ingenizuia, na nisikudanganye tena.

Barua ya Marietha ndiyo iliyonitoa. Tarehe kumi na saba asubuhi nilipeleka nakala za mkataba, fomu na maelezo yangu ya mkono kwa wachunguzi wa rushwa hapa mjini. Kisha nikarudi ofisini nikamwambia mkuu kwamba naifuta saini yangu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kapumzike, Flora, umechoka." Saa saba nilikuwa kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, sahani iko mbele yangu. Bajaji ikasimama, wakashuka wawili. Wa kwanza alinivuta nywele mpaka nikaanguka na benchi. Wa pili alikuwa na spana kubwa ya magurudumu. Alinipiga mdomoni, nikasikia meno yanaingia kooni. Akasema, "Saini haifutwi." Akanipiga tena, na tena. Watu walikuwa wanakula. Mama ntilie peke yake ndiye aliyemwagia yule mtu mchuzi wa moto, la sivyo nisingekuwa nakuandikia.

Sikuombi unisamehe. Nilisaini, na Zefania akafa kwa sababu hiyo. Marietha alijua kabla yako na akaninyamazia ili niseme mwenyewe. Usimkasirikie.

Lakini kama kuna jambo na wewe unalo, Emilian bado yuko mahabusu.

Flora


Mulumbi
26 Aprili 2023

Flora,

Nilisoma barua yako shambani nimesimama. Nilipomaliza nilikata mahindi. Mahindi yangu mwenyewe, mistari minne, mabichi, nikayakata kama mwendawazimu mpaka panga likanitoka mkononi. Ungekuwa mbele yangu saa ile ningekuua. Sisemi kama watu wanavyosema. Naijua mikono yangu sasa.

Kuhusu waliokupiga, nilisikia uchungu na nilisikia furaha, vyote kwa pamoja. Na wewe ulijua kuhusu mke wangu ukachukua kalamu. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Sasa sikiliza na langu.

Zefania sikumbeba. Emilian ndiye aliyembeba. Aliniita, "Damiani, mshike miguu!" Nikampita. Nilikuwa nimemwona Filipo amenaswa kwenye seng'enge. Nilikuwa na mpini wa jembe, jembe lenyewe lilikwisha chomoka. Watu hawakummaliza, hilo pia nilikudanganya. Watu walikuwa wanakimbilia banda la mashine. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Nilimpiga gotini kwanza ili asiondoke. Akapiga kelele. Akanitambua. Akasema, "Kaka Damiani, si mimi. Wallahi si mimi niliyempiga mama. Mimi niliwaambia wamwache." Aliinua mikono hivi, viganja kwangu. Nikampiga juu ya viganja, nikasikia vinavunjika, na bado alikuwa anasema si mimi. Niliendelea mpaka akaacha kusema. Niliendelea na baada ya hapo.

Na kilicho kibaya kuliko hayo ni hiki. Nilikuwa najua. Marietha alipotoka hospitali alinieleza kwamba wanawake wamekosea. Alipokuwa chini alisikia sauti ya kijana mmoja ikisema, "Mwacheni, mtamuua mama wa watu," na ilikuwa sauti ya Filipo, kwa sababu aliwahi kumfungulia lango kwa siri mara mbili mwezi wa kwanza achote maji. Aliniambia jioni ya kabla ya mkutano tukiwa tunakula. Nilimwambia nimesikia.

Lakini Leonidas alikuwa amekwenda na gari. Aliyempiga alikuwa amekimbia. Aliyeanguka alikuwa Filipo.

Marietha nimemwambia leo. Hakulia. Aliinuka akawachukua watoto akaenda nao kwa Ritha, akarudi peke yake, akanipikia. Tulikula tumetazamana. Akasema, "Emilian ana mama pia." Nikasema najua.

Kesho napanda basi la asubuhi nikajisalimishe. Ukinijibu, jibu huko watakakonipeleka.

Damiani


Singida mjini
9 Juni 2023

Damiani,

Walinirudishia barua ya kwanza niliyokuletea gerezani, ilikuwa ndefu mno. Hii naifupisha.

Emilian ameachiwa siku ya Jumatatu. Amekonda, sikio moja halisikii kwa vipigo alivyopata mahabusu. Nilikwenda kumpokea getini. Hakunisalimu, lakini alikubali nimlipie basi.

Baraza la Madiwani limekaa. Nilisimama mbele yao na taya hili nikasoma nilichokisaini, kisha nikasoma kilichokuwepo kweli. Diwani mmoja alipiga meza akaniita msaliti. Msamaha wa ushuru umefutwa. Mkuu wa idara amesimamishwa na ana kesi. Mimi nimefukuzwa, nami nina kesi yangu. Leonidas alikamatwa akitaka kuvuka kwenda mkoa wa jirani, anajibu kesi ya kumuua Zefania. Waliomshika wanasema alikuwa anauliza tu nani atamlipia wakili. Kampuni imeondoa mashine zilizopona. Seng'enge watu wameing'oa wenyewe.

Nilikwenda Mulumbi. Marietha alinipokea mlangoni, akanitazama uso, akagusa kwa ule mkono wake mahali taya lilipounganishwa vibaya. Halafu akanizaba kofi upande ule ule. Nilianguka. Akaniinua, akanipa maji ya kunywa. Nilikaa kwake wiki mbili, tukipalilia. Hatujazungumza habari ya saini hata siku moja.

Sijakuuliza kama unaumwa, kama unapigwa, kama unakula. Niandikie.

Dada yako,
Flora


Gerezani
18 Novemba 2024

Dada Flora, shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia mwaka na nusu. Barua zako zote nimezisoma.

Kesi imekwisha wiki iliyopita, Mahakama Kuu ilipoketi Singida. Nilikuomba wewe na Marietha msije, na nashukuru mlinisikiliza. Nimekiri kuua bila kukusudia, mawakili walikubaliana hivyo. Nimepewa miaka kumi na miwili.

Ninalotaka ulijue ni la siku ile ya adhabu. Mama yake Filipo alikuwepo. Anaitwa Eliza, ni mama mnene mfupi, amekuja kutoka Kinyangiri na Biblia na chupa ya uji. Jaji alimpa nafasi azungumze kabla hajatoa adhabu. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa nalitaka hasa. Hakunilaani. Alimwomba jaji ruhusa aniulize swali moja.

Akaniambia, "Baba, mwanangu alisema nini mwisho?"

Wakili wangu akanishika mkono. Alikuwa ameniandaa niseme kulikuwa na vurugu, kelele, sikusikia. Ukisema ulimsikia akijitetea, alinieleza, hakuna jaji atakayeamini hukukusudia.

Nilimtazama yule mama, nikaona anasubiri kwa adabu kabisa, kama mtu aliye kwenye foleni ya dirishani.

Nikasema, "Alisema si yeye. Alisema aliwaambia wamwache yule mama. Na ilikuwa kweli, na nilikuwa naijua kweli hiyo, nikampiga."

Wakili akaachia mkono wangu. Mama Eliza aliitikia kwa kichwa mara mbili, tatu. Akasema, "Ahsante. Walikuwa wananiambia nimezaa mpiga wanawake." Akarudi kukaa, akafungua chupa yake akanywa uji, mwingine ukamwagikia kwenye gauni, na hakuna askari aliyemkataza.

Jaji alikuwa na karatasi yake. Aliiweka pembeni akaandika nyingine. Wakili ananiambia ya kwanza ilikuwa na miaka sita.

Wewe kukusamehe bado, dada. Najaribu, siku nyingine nafika karibu, kisha namwona Zefania ameshika nondo. Lakini ukija Jumapili nitatoka kukuona. Uje na Marietha kama atataka. Asipotaka usimlazimishe.

Wakili ataleta karatasi za rufaa kwako uzisaini kwa niaba ya familia. Anasema adhabu inaweza kupungua. Usizisaini.

Mdogo wako,
Damiani